Mpanda Pikipiki Mbele ya Kamera

Alasiri ya Idi Pili tulisimama kando ya barabara itokayo mjini kuelekea mashamba, chini ya mwembe, pahala ambapo mpiga picha mmoja alikuwa amepafanya ofisi yake tangu baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwa na kamera shingoni, mkoba begani, na kibao kidogo alichokiandika bei zake kwa mkono. Vijana waliovaa nguo mpya za sikukuu walikuwa wakipita kwa vespa na pikipiki, mmoja mmoja na makundi kwa makundi, na kila aliyemwona mpiga picha alijiweka sawa: huyu akanyoosha mgongo, yule akarekebisha ukosi wa kanzu, na mwengine akapunga mkono. Ilikuwa furaha tupu, wala hatuoni haya kusema kwamba nasi tulifurahi.

Kisha akaja kijana mmoja aliyempakia mtoto wa dada yake. Kiasi cha hatua hamsini kabla hajatufikia aliivua kofia ngumu, ambayo hata kamba zake hakuwa amezifunga, akaitundika kwenye kiwiko. Akageuza uso wake wote kuielekea kamera, akatabasamu. Gari iliyokuwa mbele yake ikasimama ili kumteremsha mtu. Kijana alipogutuka alikamata breki kwa nguvu zake zote. Tairi la mbele likafunga, na pikipiki ikateleza mpaka katika mchanga wa ukingoni. Alhamdulillahi, mtoto hakuumia. Kijana mwenyewe alichubuka goti na kiwiko, na kanzu yake mpya ikachanika.

Baada ya vumbi kutulia tuliomba tuione ile picha kwenye kioo cha kamera. Ilikuwa picha safi. Kijana anatabasamu, mtoto nyuma yake amefumba macho kwa ukali wa jua, na pembeni mwa bega lake yanaonekana mataa mekundu ya gari, yamekwisha kuwaka. Kila aliyeitazama picha ile aliyaona mataa yale. Asiyeyaona alikuwa mtu mmoja tu, naye ndiye aliyepaswa kuyaona.

Hatuyaandiki haya kwa nia ya kumkebehi kijana yule, wala kwa nia ya kuwafukuza wapiga picha barabarani. Tunayaandika kwa sababu jambo hili limekuwa sehemu ya maisha yetu visiwani, hususan nyakati za sikukuu, harusi na mapokezi ya viongozi, na bado hatujakaa kitako kulizungumza. Picha ni kumbukumbu, na kupenda kumbukumbu si kosa. Kosa ni kuinunua kwa bei isiyoandikwa kwenye kibao cha mpiga picha.

STUDIO ILIYOHAMIA NJIANI

Kupigwa picha si jambo geni kwetu. Capital Art Studio ya marehemu Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930 hapa Zanzibar, na kabla yake walikuwapo wengine. Wazee wetu waliingia studio wakiwa wamevaa vizuri, wakakaa juu ya kiti, na mpiga picha akawaamuru wasitikisike. Mteja hakuwa na kazi nyengine ila kukaa. Hata angefumba macho, hasara ilikuwa ya kipande kimoja cha filamu.

Leo kiti kile kimeota magurudumu. Mteja anakuja na mashine inayokwenda, mbele yake kuna gari, nyuma yake kuna gari, na pembeni kuna watoto wanaotoka chuoni na juzuu zao. Hapo amri ya zamani ya kuitazama kamera imegeuka kuwa amri ya hatari. Natufanye hesabu ndogo. Pikipiki inayokwenda mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao wengi wetu tunauona ni wa kistaarabu, hukata mita 11 katika kila sekunde. Anayeipa kamera sekunde 2 za tabasamu amekwenda mita 22 bila ya macho, yaani karibu urefu wa mabasi mawili makubwa yaliyopangwa moja nyuma ya jengine. Katika masafa hayo mtoto anaweza kuvuka, mbuzi anaweza kuingia njiani, na gari inaweza kusimama.

Kuna na jambo jengine ambalo kila mpanda pikipiki mzoefu analijua: chombo hufuata macho. Anayekazia macho shimo huingia shimoni, na anayemkazia macho mpiga picha huanza, pasi na kujua, kuvutwa kuelekea alipo mpiga picha. Kwa hiyo anayeigeukia kamera huihatarisha nafsi yake, na humhatarisha pia yule aliyeishika kamera.

KASI YA PICHANI NI KAZI YA KAMERA

Vijana wengi huongeza mafuta wanapomwona mpiga picha, kwa imani kwamba picha itatoka na kasi. Imani hii haina msingi, na inafaa tuieleze sababu yake.

Kamera hufungua jicho lake kwa muda mfupi sana kisha ikalifumba. Mpiga picha akiiweka kamera yake katika sehemu 1 ya 1000 ya sekunde, basi hata pikipiki inayokwenda kilomita 80 kwa saa husogea kiasi cha sentimita 2 tu kabla jicho halijafumba. Katika picha mtu huyo ataonekana kama aliyesimama. Amehatarisha maisha yake kwa mwendo wa kilomita 80, na picha imetoka kama ya mtu aliyeegesha mbele ya duka.

Kinyume chake, mpiga picha fundi huiweka kamera katika sehemu 1 ya 60 ya sekunde, na humfuata mpanda pikipiki kwa kuizungusha kamera taratibu pamoja naye, toka kulia kwenda kushoto au kushoto kwenda kulia, na hubonyeza huku akiendelea kuzunguka. Pikipiki hutoka safi, na miti, kuta na minazi iliyo nyuma yake huvutika kama mistari ya rangi. Kwa njia hii mtu aliyekwenda kilomita 30 tu kwa saa huonekana kama anaruka. Analotakiwa kulifanya mpanda pikipiki ni kwenda mwendo mmoja, polepole, katika mstari ulionyooka, ili kamera iweze kumfuata. Basi na ijulikane: uzuri wa picha ya mwendo hutoka katika mkono wa mpiga picha, wala hautoki katika mkono wa mafuta.

Vijana wetu aghalabu huiga picha wanazoziona kutoka nje, za wapanda pikipiki waliolala ubavu konani au walioruka juu ya daraja. Baadhi ya picha hizo hutoka katika mashindano ya kisiwa cha Isle of Man, kilichopo baina ya Uingereza na Ireland, yaliyoanza mwaka 1907. Kile nacho ni kisiwa chenye watu wachache kama Pemba yetu ilivyo na watu wachache mbele ya bara. Lakini katika siku za mashindano barabara zile hufungwa kwa mujibu wa sheria. Hapiti mtoto, hapiti ng'ombe, wala haipiti gari ya mizigo. Juu ya hayo yote, katika njia ile ya milimani yenye urefu wa karibu kilomita 60, waendeshaji zaidi ya 250 wamepoteza maisha tangu ilipoanza kutumika mwaka 1911. Ikiwa mabingwa wa dunia wanakufa katika barabara iliyofungwa, sisi tunaiga nini katika barabara iliyo wazi?

NASAHA KWA MPANDA PIKIPIKI

Kwanza, achague mapema anataka picha ya namna gani. Picha ni za aina mbili: ya uso na ya mwendo. Anayetaka uso wake uonekane na asimame. Picha ya mwendo ni ya kofia ngumu kichwani, kamba zimefungwa. Aliyechanganya hizi mbili, akaivua kofia huku chombo kinakwenda, amepoteza zote mbili. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa kiasi cha asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Kofia iliyotundikwa kwenye kiwiko haimo katika hesabu hiyo.

Pili, anayesimama asimame kweli. Atazame kioo cha pembeni, awashe indiketa, ageuze kichwa kutazama nyuma, kisha atoke nje ya lami kabisa. Ukingo wa barabara zetu nyingi ni mchanga au kifusi, kwa hiyo apunguze mwendo angali juu ya lami, na akishaingia mchangani asiikamate breki ya mbele kwa ghafla. Azime mashine, aitie chombo stendi, ndipo aivue kofia na kuiweka juu ya kiti au kuishika mkononi. Kofia pichani si aibu. Ni ushahidi wa mtu aliyelelewa.

Tatu, mikono miwili ibaki pahala pake. Katika pikipiki zetu mkono wa kulia umeshika mafuta na breki ya mbele, na wa kushoto umeshika klachi. Na katika vespa za gia, huo huo wa kushoto ndio unaobadilisha gia. Hakuna mkono uliokaa bure ambao waweza kupungwa. Anayetaka kumwamkia mpiga picha na amwamkie kwa kuinamisha kichwa kidogo, huku macho yamebaki njiani. Katika picha, mtu anayetazama mbele huonekana mwenye murua na azma kuliko anayechekea pembeni.

Nne, mavazi. Kanzu, buibui na mtandio ni mavazi yetu ya heshima, lakini mnyororo na magurudumu hayana heshima kwa nguo. Pindo la kanzu likusanywe na kukaliwa, ncha za mtandio zifungwe ndani, na aliyepakiwa akae sawa, miguu yake juu ya vikanyagio. Nguo ya rangi ya wazi inamsaidia mtu mara mbili: kamera huiona, na dereva wa gari pia huiona.

Tano, mtu asisahau vivuli. Mpiga picha hupenda pahala penye miti mikubwa, mfano wa miembe ya Bungi ambayo mapokeo huinasibisha na Bi Khole binti Said. Uzuri wa pahala pale haukanushiki. Lakini dereva anayetoka katika jua kali na kuingia kivulini hukaa kitambo kidogo macho yake hayajazoea giza, na katika kitambo hicho pikipiki iliyosimama ukingoni, na mtu aliyevaa nguo nyeusi, huwa kama havipo. Taa ya mbele iwashwe hata mchana, na pahala pa kusimama pawe mbali na njia ya magari.

Sita, watoto. Katika sikukuu watoto hupandishwa juu ya pikipiki zilizosimama ili wapigwe picha, na wengi hurudi nyumbani na alama ya moto kwenye muundi. Bomba la moshi la pikipiki iliyotoka safarini ni kama chuma kilichotoka jikoni, na aghalabu huwa upande wa kulia. Mtoto apandishwe na ateremshwe upande wa kushoto, na mtu mzima awe amemshika. Ama ule mtindo wa kupakiana mishikaki, watu watatu na wanne juu ya chombo kimoja, hauwi halali kwa sababu tu kuna kamera.

Saba, bei na idhini. Masikilizano yafanywe kabla ya picha na si baada yake: bei ngapi, picha ngapi, zitachapishwa au zitatumwa kwa simu. Mpanda pikipiki akipokea ujumbe kwamba picha yake imefika, asiifungue simu njiani. Picha haina miguu. Itamngoja mpaka afike.

WAJIBU WA MPIGA PICHA

Mpiga picha wa barabarani ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwengine, na jasho lake linastahiki malipo. Zanzibar inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na kazi ya picha ni kazi ya akili na mikono. Lakini haki haitembei peke yake. Hufuatana na wajibu.

Asisimame konani wala mbele ya kilima ambako magari hutokea ghafla. Asivuke barabara kwa kurudi nyuma huku jicho lake limo ndani ya kamera. Asiwaite vijana kwa ishara za kuwataka waongeze mwendo au wainue tairi la mbele. Wakati wa usiku asimmulikie mwendeshaji kwa mwanga wa kamera, kwani mwanga ule huyaziba macho yake pale pale anapoyahitaji. Na katika harusi, aache mtindo wa kukaa kinyumenyume juu ya pikipiki inayokwenda mbele ya msafara wa bibi harusi, hana pa kujishika na kofia hana. Mpiga picha akimkataa mteja asiyevaa kofia ngumu, atapoteza shilingi kidogo kwa siku moja. Lakini baada ya siku chache kila kijana atajua kwamba kwa fulani hapigwi mtu kichwa wazi, na kofia zitavaliwa.

TUANZE NA SISI WENYEWE

Hapa hapana budi tujikosoe. Katika misafara ya kuwapokea viongozi, sisi wanachama na makada ndio tunaowapanga vijana wa pikipiki watangulie mbele. Bendera huwa mkono mmoja, usukani mkono mwengine, kichwa wazi, na mara nyingi kuna abiria aliyesimama nyuma akishangiria. Nasi husimama pembezoni tukapiga makofi, na mpiga picha wa gazeti akabonyeza. Kesho yake picha ile hutoka katika ukurasa wa mbele kuwa ndiyo sura ya hamasa ya vijana. Kisha wiki ijayo tunamlaumu askari wa usalama barabarani kwamba hawaongozi vijana. Mtoto hufuata anachokiona kwa wazazi wake. Na kijana aliyeiona picha ile gazetini hana sababu ya kuamini maneno tunayoyaandika katika ukurasa huu.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne. Kamati zinazoandaa mapokezi ziweke sharti kwamba asiyevaa kofia ngumu hamo katika msafara, na bendera ifungwe kwenye chombo badala ya kushikwa mkononi. Magazeti, na hili letu likiwa la mwanzo, yasitoe picha ya msafara wa vichwa wazi kama jambo la kupigiwa mfano. Halmashauri na mabaraza ya miji, Unguja na Pemba, zitenge katika siku za sikukuu viwanja vidogo karibu na barabara, nje ya lami, ambapo wapiga picha watafanya kazi zao na vijana wataegesha vyombo vyao kwa nafasi. Na askari wa usalama barabarani wawaite wapiga picha wakae nao kabla ya Idi, wazungumze nao kama washirika, badala ya kungoja kuwafukuza siku yenyewe. Sheria ya usafiri barabarani ipo. Lakini sheria hufanya kazi vyema zaidi pale watu wanapoijua sababu yake.

Wapo watakaosema kwamba ni jambo dogo la kuwashughulisha wakubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba kiasi cha wawili katika kila kumi walikuwa juu ya vyombo vya moto vya magurudumu mawili au matatu. Kila mmoja katika hao alitoka nyumbani kwa jambo dogo: kwenda sokoni, kumpeleka mtoto skuli, kutembelea jamaa siku ya Idi.

Kijana tuliyemtaja mwanzo aliinunua picha yake. Mpiga picha alitaka kumpa bure, naye akakataa, akalipa bei ile ile iliyoandikwa kwenye kibao. Tulipomwuliza ataiweka wapi, alisema ataibandika ukutani pale anapotundika ufunguo wa pikipiki. Kisha akamvisha mtoto kofia, akaivaa na yeye ile aliyobakiwa nayo, akaifunga kamba, na akaondoka polepole akitazama mbele. Mpiga picha alimpiga picha ya pili bila ya yeye kujua. Tuliiona nayo, na tunashuhudia kwamba ilikuwa nzuri kuliko ile ya mwanzo.

Basi ndugu zetu wapanda pikipiki, pigweni picha, na zitundikeni majumbani mwenu. Lakini kila mmoja wenu na akumbuke kwamba njia ndiyo yenye haki ya kwanza juu ya macho yake, na kwamba roho aliyopewa, na roho ya yule aliyempakia, ni amana.